Msonobari Mweusi wa Japani Chunguni: Kalenda ya Gatuanyaga

Msonobari mweusi wa Japani ni mti mvumilivu. Kwao huota pwani, kwenye mchanga na nyufa za miamba, ukipigwa na upepo wa chumvi miaka nenda miaka rudi. Ukifa mikononi mwa mtu wa Gatuanyaga, huku upande wa Thika, mara nyingi haukuuawa na jua letu. Uliuawa na kalenda. Mwenye mti alisoma kitabu kilichosema machipukizi hukatwa Juni, akakata Juni, mwezi ambao huku mawingu yametanda, asubuhi ni manyunyu, na jua likichomoza ni alasiri. Mti uliokatwa machipukizi yote unataka jua kali ili uchipue upya. Ukilikosa hutoa vichipukizi vyembamba vilivyopauka, kuvu inavishika, na ifikapo Septemba matawi ya chini yamekauka.

Ushauri wangu kwa mwenye mti huu ni kuusogeza mwaka wake kwa miezi 6. Juni ya Japani iwe Desemba yetu, na kazi nyingine zote zipangwe kuanzia hapo. Sababu ziko wazi ukitazama jinsi mwaka wa huku unavyokwenda.

Vitabu vingi vya bonsai, sanaa ya kukuza miti midogo chunguni, vinafuata mazoea ya bustani za Japani, na maarufu kati ya hizo ni za kijiji cha bonsai cha Omiya, mkoa wa Saitama, kilichoanzishwa 1925 na watunza miti waliohama Tokyo baada ya tetemeko kubwa la ardhi la 1923. Omiya iko karibu nyuzi 36 kaskazini ya ikweta. Juni mchana wake unafika saa 14 na nusu, Desemba haufiki hata saa 10. Mti wa huko unaambiwa na mchana na baridi lini uamke, lini ukue na lini ulale. Sisi tuko nyuzi 1 tu kusini ya ikweta. Mchana wetu mrefu kabisa na mfupi kabisa haupishani hata robo saa. Kinachobadilika huku ni joto, mawingu na maji.

Wazee wa eneo hili waligawa mwaka kwa mambo hayohayo: mvua ya njahi kuanzia mwisho wa Machi hadi Mei, kisha gathano yenye ubaridi na ukungu, kisha mvua ya mwere kuanzia Oktoba hadi Desemba, na baada yake jua kali la Januari na Februari. Msonobari unaelewa mgawanyo huo. Katika gathano unapunguza mwendo, matumba yake yanakaa yamefumba. Agosti ikielekea ukingoni, jua likirudi, matumba yanaanza kuvimba na kuwa meupe. Hayo ndiyo majira yake ya kuamka, sawa na Machi ya Japani.

Usitarajie ulale usingizi kamili kama kwao. Huku hakuna theluji, na mti hauhitaji kuwekwa kwenye friji wala kumwagiwa barafu, kama wengine wanavyoshauriana. Hawaii nayo haina majira ya baridi kali, na watu wenye asili ya Japani wamekuza misonobari hii vyunguni huko kwa miongo mingi. Kitu kimoja tu kinabadilika: mti usiolala hukua muda mrefu zaidi kwa mwaka, kwa hiyo unahitaji kusimamiwa zaidi.

Jambo jingine kabla ya kuendelea. Ukishuka kutoka mjini Thika kuelekea Munyu na Ngoliba, mlima Kilimambogo ukiuona mbele yako, mvua inapungua na jua linazidi. Aliye Ruiru ana mawingu mengi zaidi na asubuhi baridi zaidi. Tarehe ninazotoa ni za Gatuanyaga. Aliye Ruiru asogeze kazi za mwisho wa Agosti mbele kwa wiki 1 au 2. Na popote ulipo, mti ukikuonyesha tofauti na tarehe, ufuate mti.

Kuupata mti

Mche wa msonobari mweusi si kitu utakachokikuta kirahisi kwenye vitalu vya kando ya barabara ya Thika. Wengi huanza kwa mbegu kutoka nje. Hapo ni lazima kupitia KEPHIS, shirika la serikali linalolinda afya ya mimea, upate kibali cha kuingiza kabla mzigo haujaondoka huko, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi mzigo unakotoka. Mche ulio na udongo mizizini usijaribu kuuleta. Tafadhali usione hili kama usumbufu wa ofisi. Tangu 1905, ugonjwa wa kunyauka ulipoonekana Nagasaki, Japani imepoteza misonobari isiyohesabika kwa sababu ya mnyoo mdogo asiyeonekana kwa macho, anayebebwa na mbawakawa kutoka mti hadi mti. Mnyoo huyo alitoka Marekani ya Kaskazini. Nchi yetu ina mashamba makubwa ya misonobari, na familia nyingi zinaishi kwa mbao zake. Mbegu iliyofichwa ndani ya barua haifai kuhatarisha hayo.

Mbegu ukishazipata, ziloweke maji kwa saa 24, tupa zinazoelea, kisha zifunge kwenye mchanga wenye unyevu kidogo na uziweke sehemu ya chini ya friji, pasipogandisha, kwa siku 30 hadi 60. Hapa friji ina kazi yake, maana mbegu hii huota vizuri zaidi ikishaonja baridi. Zipande Septemba kwenye mchanga msafi wa mto. Ndani ya wiki 2 au 3 utaona vichwa vikitokeza vikiwa vimevaa ganda la mbegu kama kofia. Usimwagilie jioni wakati huo. Miche michanga inaoza shingoni kwa usiku mmoja tu ikilala na maji.

Udongo, kabla ya mkasi

Sehemu kubwa ya Gatuanyaga ina udongo mweusi wa pamba, ule unaonata viatuni mvua ikinyesha na kupasuka nyufa za kuingiza mkono jua likiwaka. Kwa msonobari ulio chunguni udongo huo ni kaburi. Udongo mwekundu wa upande wa Gatundu ni mzuri shambani, lakini ndani ya chungu chenye kina cha sentimita 10 unashikamana na kuzuia hewa. Mizizi ya msonobari inataka hewa kuliko inavyotaka chakula.

Wajapani hutumia akadama, udongo wao uliokaushwa katika punje ngumu. Hatuuhitaji. Bonde la Ufa, upande wa Naivasha na Longonot, lina pamisi tele, lile jiwe jepesi la volkano linaloelea majini, na mashamba ya maua yamelitumia kwa miaka. Changanya sehemu 3 za pamisi na sehemu 1 ya kokoto ndogo kutoka machimbo ya mawe ya upande wa Juja na Ndarugo, halafu ongeza konzi chache za magome ya msonobari yaliyooza. Punje zisizidi milimita 6. Kuzichekecha hakuhitaji chombo cha kigeni: nunua kwenye duka la hadiwea waya ule wa kuanikia kahawa, utandaze kwenye fremu ya mbao, na kinachopita hapo ukichekeche tena kwa wavu wa mbu wa dirishani. Kinachobaki juu ya wavu wa mbu ndicho udongo wako. Vumbi lililopita lipeleke shambani. Wasiochekecha wanadhani wamepunguza kazi, kumbe vumbi hilo ndilo linaloteremka hadi chini ya chungu na kugeuka tope.

Kisha tafuta msonobari wowote mkubwa ulio karibu, hata kama ni wa uani kwa jirani, umwombe ruhusa, na ufukue kidogo majani yaliyooza chini yake. Utaona nyuzi nyeupe, harufu yake kama uyoga. Hiyo ni kuvu rafiki, inayoishi na mizizi ya msonobari na kuisaidia kunyonya maji na madini. Konzi moja ya majani hayo ikichanganywa na udongo wako inatosha kuiambukiza mizizi yote.

Mwisho wa Agosti na Septemba: kubadilisha udongo

Kazi hii hufanywa mara moja kila miaka 2 au 3 kwa mti mchanga, na kila miaka 4 au 5 kwa mti uliokomaa. Ngoja matumba yavimbe lakini yasiwe yameanza kurefuka. Ondoa nusu tu ya udongo wa zamani, upande mmoja wa shina, na upande wa pili uache hadi zamu nyingine. Msonobari ukioshwa mizizi yote kwa mpigo unaweza kukaa na rangi yake ya kijani miezi 2 huku umekwisha kufa, na mwenyewe akiendelea kuumwagilia. Kata mizizi minene inayoelekea chini, bakiza myembamba ya pembeni. Ufunge mti kwenye chungu kwa waya unaopita matundu ya chini, usitikisike hata upepo ukivuma, maana kila mtikisiko unakata vijizizi vipya. Uweke kwenye kivuli chepesi kwa wiki 2, kisha urudishe juani.

Mwaka uliobadilisha udongo usikate machipukizi Desemba. Mti upewe kazi moja nzito kwa mwaka.

Oktoba na Novemba: lisha

Hiki ndicho kipindi cha kuujaza mti nguvu za kuja kutumia Desemba. Mbolea ya kuku iliyooza kabisa, ifunge katika vifuko vidogo vya kitambaa chepesi na uvipange juu ya udongo, ili kila mvua inyeshapo chakula kitiririke kidogokidogo. Au tumia punje 10 hadi 15 za NPK 17:17:17 kwa chungu cha upana wa sentimita 25, kila baada ya wiki 2. Wapo wanaoogopa kulisha bonsai wakidhani itanenepa. Msonobari mweusi usiolishwa hauwezi kustahimili mkasi unaokuja.

Wakati huo matumba yatakuwa yamerefuka na kuwa machipukizi marefu meupe, yamesimama wima juu ya kila kitawi. Wapenzi wa bonsai huyaita mishumaa. Yaache yakue. Likitokea moja juu kabisa linalokimbia mara mbili ya wenzake, livunje nusu kwa vidole, basi.

Desemba: kukata mishumaa

Hapa ndipo msonobari mweusi unapotofautiana na misonobari mingine mingi. Ukiuondolea machipukizi yote ya msimu, mti wenye afya hautasusa. Utatoa matumba mapya palepale ulipokata, na kwa kuwa yamechelewa kuanza, yatakuwa na vitawi vifupi na sindano fupi. Ndivyo sindano za sentimita 10 zinavyofika sentimita 3 au 4, na ndivyo kitawi kimoja kinavyogawanyika kuwa viwili. Sura yote ya mti mzee uliopunguzwa kimo inatokana na kazi hii ya siku moja.

Ishara ya wakati sahihi iko kwenye sindano. Zikiwa zimetoka kwenye ala zake na kufunguka, lakini bado laini, rangi ya kijani hafifu, mti uko tayari. Kwa Gatuanyaga huwa ni katikati ya Desemba, mvua ya mwere ikiisha. Mbele yako una Januari, Februari na sehemu kubwa ya Machi, siku kama 100 za jua kali kuliko yote ya mwaka, na maji yanatoka mkononi mwako, hayatoki mawinguni. Hiyo ndiyo nafasi ambayo Mjapani anaipata kuanzia Julai hadi Oktoba. Ukikata Juni, huna hata siku 30 za jua la maana.

Shika kitawi na ukitazame kwa karibu. Chini kuna sehemu ya zamani, ya kahawia, yenye magamba na sindano za kijani kilichokolea. Juu yake kuna chipukizi la msimu huu, gome laini la kijani hafifu. Mahali viwili hivi vinapokutana kuna mstari kama pete. Kata juu kidogo ya mstari huo, ubakize kijiti cha milimita 3 hivi. Mkato uwe umenyooka, usiwe wa mshazari, kwa sababu matumba mapya huchomoza kuizunguka pete hiyo, na mkato wa mshazari huyapa nguvu ya upande mmoja. Utomvu utatoka, tone jeupe lenye harufu kali. Liache, ndilo bandeji ya mti. Mkasi uufute kwa spiriti kila unapohama mti.

Usikate yote siku moja. Nguvu ya msonobari hukimbilia kileleni, na matawi ya chini hubaki nyuma. Anza na machipukizi dhaifu, ya chini na ya ndani. Ngoja siku 7 hadi 10, ndipo ukate yenye nguvu, ya kileleni na ncha za matawi. Dhaifu yatakuwa yametangulia kuchipua, na mwishoni yote yatalingana. Kitawi kilicho hoi, chenye sindano chache tu, kiruke kabisa. Siku hiyohiyo ondoa vifuko vya mbolea, usilishe tena hadi wiki 4 au 5 zipite. Ukilisha mapema, sindano mpya zitarefuka na kazi yako yote itakuwa bure.

Mti unaoumwa, uliobadilishwa udongo mwaka huo, au ambao haujajaza sindano, usiuguse. Na mti mchanga chini ya miaka 5 au 6, ambao bado unataka unene wa shina, huukatii mishumaa hata kidogo. Uache ukimbie, uchague tawi moja la kutolewa mhanga likue refu linenepeshe shina, ulikate baadaye. Hili watu wengi hawataki kulisikia. Wanataka mche wa miaka 2 uonekane mzee, na matokeo yake wana kijiti chembamba chenye sindano fupi kwa maisha yake yote.

Januari hadi Machi: maji na vumbi

Mwagilia asubuhi kila siku hadi maji yatoke chini. Chungu kidogo kinaweza kuhitaji mara ya pili saa 10 jioni. Chomeka kijiti cha mianzi katikati ya udongo. Kikitoka kikavu kabisa umechelewa, kikitoka na unyevu hafifu ndio wakati. Wakati sindano mpya zinarefuka, ubanie mti kidogo, ungoje udongo wa juu ukauke kabla ya kumwagilia tena. Kubania ni kuchelewesha kwa saa chache, wala si kwa siku.

Maji ya mvua uliyokinga kwenye tangi ni bora kuliko ya kisima kirefu chenye chumvi. Ukiona utando mweupe kwenye ukingo wa chungu, chumvi imeshaanza kujirundika. Mwaga maji mengi ya mvua yapite, mara 3 mfululizo. Mti wenyewe hauhitaji kivuli, unataka jua la saa 6 au zaidi. Chungu ndicho kinachoungua. Februari, ukikigusa chungu cha plastiki nyeusi saa 8 mchana mkono haukai, na mizizi iliyogusana na ukuta wake inakufa. Kizungushie gunia la mkonge lililoloweshwa.

Vumbi la barabara zetu hutanda kwenye sindano na kuzikaribisha buibui wekundu, wadudu wadogo kuliko nukta. Weka karatasi nyeupe chini ya tawi uligonge mara 2. Nukta zikitembea, unao. Nyunyizia sindano maji kwa nguvu, hasa upande wa chini, kila asubuhi kwa wiki nzima, kabla hujafikiria dawa. Tazama pia pamba nyeupe kwenye mikunjo ya vitawi. Huyo ni chawa sufi wa msonobari, aliyeonekana Muguga mwaka 1968, akiwa ameingia na vipandikizi vya misonobari kutoka nje, kisha akaenea misituni. Mtoe kwa mswaki na maji ya sabuni.

Machi ikielekea kuisha, kila ulipokata utakuta matumba au vitawi vipya 3, 4, hata 5. Bakiza 2, vilivyokaa kushoto na kulia, vyenye nguvu inayolingana. Kileleni bakiza vile vidogo, chini bakiza vile vikubwa. Usipopunguza, pale pote patavimba fundo baya lisiloondoka.

Mvua ya njahi

Mvua ya Aprili inaweza kuusukuma mti utoe machipukizi mengine. Usiyafukuze kwa mkasi. Vunja tu yanayozidi, mengine yaache, mti upumzike nayo. Kazi yako sasa ni maji kutoka. Inua chungu kwenye matofali, uegemeze upande mmoja kwa kipande cha mbao mvua ikinyesha siku nyingi mfululizo, na ung'oe majani na kwekwe juu ya udongo.

Adui wa majira haya ni kuvu ya sindano inayoitwa Dothistroma. Huanza kwa madoa ya manjano, kisha mikanda myekundu inayoikata sindano, halafu ncha yote inakauka. Kenya inaijua vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kuvu hii iliishambulia misonobari aina ya radiata katika misitu ya Kenya na Tanzania vibaya mno, hata upandaji wa aina hiyo ukaachwa. Inapenda sindano zilizolowa kwa muda mrefu bila upepo. Dawa yake mkulima wa kahawa wa Thika na Ruiru anayo stoo: ile kopa anayopulizia dhidi ya CBD, ugonjwa wa matunda ya kahawa. Ipulize mara moja mvua inapoanza na tena baada ya wiki 3 au 4, kwa kipimo cha kwenye pakiti, jioni isiyo na upepo, ukiwa umevaa glavu na umefunika pua. Sindano zilizougua zikusanye uzichome. Usizitupe kwenye mboji.

Gathano: sindano na waya

Juni hadi katikati ya Agosti punguza maji, acha mbolea, na uutengeneze mti kwa utulivu. Kwanza ng'oa sindano za zamani. Shika kitawi kwa mkono mmoja, na kwa mwingine uvute jozi moja moja kuelekea inakoelekea sindano, zisirarue gome. Kileleni bakiza jozi 5 kwenye kila ncha, katikati 7 au 8, chini 10 au zaidi. Ukimaliza, uusimamishe mti ukiwa kati yako na mwanga: uone anga kupitia matawi yake yote. Mwanga huo mchache wa gathano ndio unaoamsha matumba ya ndani, na bila matumba ya ndani mti utazidi kuwa mrefu na mtupu katikati.

Kisha waya. Waya wa kufungia vyuma vya ujenzi haufai, unaota kutu ndani ya gome. Mwombe fundi wa umeme mabaki ya nyaya za nyumba za shaba, zile zenye uzi mmoja, uzimenye plastiki, uzipashe kwenye jiko la makaa hadi ziwe nyekundu, uziache zipoe zenyewe. Zitakuwa laini mkononi na zitakazana zikishapinda. Chagua unene wa theluthi moja ya tawi, uzungushe kwa pembe ya nyuzi 45, na upinde polepole, dole gumba likiwa upande wa ndani wa mkunjo. Matawi makubwa yasiyotakiwa nayo yakate sasa, utomvu ukiwa haukimbii, na upake kidonda vaselini. Waya ukae miezi 4 hadi 6, lakini kuanzia Oktoba ukaguliwe kila wiki. Mti unenepapo unaumeza waya, na alama yake haifutiki kwa miaka.

Ukiwa huna msonobari mweusi

Jizoeze mkono kwa patula, msonobari unaopandwa sana nchini. Sindano zake ni ndefu zinazoning'inia, hautakuwa bonsai nzuri, lakini waya na mizizi utajifunza hapo kwa bei ya mche. Mvinje ni bora zaidi. Kwa mbali unafanana na msonobari, unapenda jua, unastahimili kukatwa mwaka mzima, na Waindonesia wanatengeneza bonsai za kusifika kutokana nao. Mutarakwa, yaani mwerezi wa huku, na mutamaiyu, yaani mzeituni mwitu, pia inafaa sana, na kwangu mimi mutamaiyu mzee wenye shina lililopindapinda hauna cha kuuonea wivu mti wowote wa Japani. Ila miche ya miti hii inunuliwe kitaluni. Kung'oa mti msituni bila idhini ya Shirika la Misitu la Kenya ni kosa, na Kilimambogo ni mbuga ya taifa: huko hata mche mmoja hauchukuliwi.